Mti wa Chungu

Siku ya tatu baada ya Zipora kuolewa Lugheni, mama mkwe wake alimkalisha jikoni akamfundisha neno moja ambalo hakutakiwa kulitamka maisha yake yote. Namna ya kumfundisha ilikuwa ngumu kidogo, maana mama mkwe mwenyewe hakuweza kulitamka. Alichomoa kijiti kwenye tita la matawi, kijiti chenye ganda jekundu, akakishika mbele ya macho ya bibi harusi. Kisha akaelekeza kidevu nje, uani, alikoketi mume wake, Mzee Mrindi, akichonga mpini wa jembe.

Zipora hakuwa mjinga. Kwao Suji pia baba mkwe hatajwi jina. Shida ya Lugheni ni kwamba jina lile lilikuwa la wawili. Lilikuwa la mzee, na lilikuwa la kichaka kilichoota juu ya ndiva, lile bwawa la kijiji ambalo hujazwa usiku na kufunguliwa alfajiri kumwagilia mashamba. Mama yake mzee alishikwa na uchungu wa kujifungua hukohuko kichakani, akiwa amekwenda kumenya maganda, na mtoto akapewa jina la mti uliomsitiri mama yake. Basi tangu siku hiyo kila mwanamke aliyeolewa katika nyumba ile alikuwa na mti asioweza kuutaja.

"Sisi tunauita mti wa chungu," mama mkwe akamwambia. "Ukisema hivyo, kila mwanamke wa nyumba hii anakuelewa."

Na kweli walielewana, miaka thelathini mfululizo.

Wanawake wa nyumba hiyo walikuwa wafinyanzi. Udongo waliutoa bondeni, wakaukanda, wakafinyanga, wakachoma. Chungu kikitoka motoni, bado chekundu kwa joto, kilinyunyiziwa maji yaliyochemshiwa maganda ya ule mti. Kilipiga kelele, kikatoa moshi, kikageuka rangi ya kahawa. Hapo kilikuwa kimeziba. Ungekijaza maji jioni, asubuhi ukakuta chini ya kitako pakavu. Wafinyanzi wengine mlimani walijaribu maganda ya miti mingine, wakapata vyungu vinavyotoa jasho. Watu wa tambarare walivijua vya Lugheni kwa rangi tu, na kila kimoja walikibadilisha kwa mahindi ya kukijaza mpaka mdomoni.

Mti wenyewe haukuwa na la kujivunia. Ulimfikia mtu kifuani. Baada ya masika ulitoa maua madogo meupe ambayo hata nyuki hawakuyahangaikia sana. Haukuzaa tunda la kuliwa, haukufaa kwa kuni, mbuzi waliupita. Uliota kwenye teremko lile moja, juu ya ndiva, penye ukungu wa asubuhi na miamba inayotiririka maji. Zipora alikuwa ametembea Suji, Mbaga, Chome mpaka kwenye ukingo wa msitu mkubwa, na kila alikopita macho yake yaliutafuta. Hakuuona popote.

Wanaume wa Lugheni waliuita mrindi bila taabu yoyote, lakini hawakujua kazi yake. Mwanamume hakanyagi mahali pa kuchomea vyungu. Akikanyaga, vyungu hupasuka. Ndivyo wanavyosema wanawake, na sidhani kama kuna mwanamume aliyewahi kujaribu ili aone. Kwa hiyo walijua kwamba wake zao huchemsha kitu fulani, na waliujua mrindi, ila hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Mzee Mrindi peke yake ndiye aliyejua, kwa sababu ya kuzaliwa kwake.

Mwaka wa hamsini na moja Bwana Misitu alipanda kutoka Same. Alikuwa Mwingereza mrefu mwenye soksi zilizofika magotini, akakaa siku mbili, akapima, akashuka. Wiki mbili baadaye Jumbe Anaeli aliwaita watu barazani akawasomea amri. Teremko la juu ya ndiva litafyekwa lote na kupandwa miwati. Miwati ni miti ya kigeni, hukua upesi, na maganda yake yanatakiwa Ulaya kwa kulainishia ngozi. Kichaka kilichopo hakina faida kwa mtu yeyote. Kazi itafanywa kwa msaragambo kabla ya vuli.

Msaragambo watu wa Lugheni waliujua vizuri. Ni kazi ya wote, na huitwa kwa pembe. Pembe ya tandala ikilia mara moja alfajiri, kila nyumba hutoa mtu. Ikilia mara mbili, kazi imekwisha, na jembe lililo hewani hushushwa taratibu. Anayeendelea kupiga baada ya hapo, zamu yake ya maji ya ndiva inarukwa. Na mwenye pembe alikuwa Mzee Mrindi. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe tangu mwaka wa njaa, akawa anaona mwanga na kivuli tu, lakini mapafu yake na masikio yake yalikuwa ya kijana.

Zipora alipopata habari ya kufyekwa kwa teremko hakulala usingizi wa maana. Mume wake, Filemoni, alikuwa kwenye shamba la mkonge huko chini, anarudi mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hakuwa na wa kumtuma. Akaenda mwenyewe kwa Jumbe.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Kule juu ya ndiva kuna mti wetu wafinyanzi. Ukikatwa, vyungu vya Lugheni vimekwisha. Havitashika maji tena."

Jumbe Anaeli hakuwa mtu mbaya. Watu humsema vibaya mpaka leo, na mimi naona wanamwonea. Alikuwa mgeni, ameletwa kutoka upande wa Gonja, na mkewe alipikia kwenye chungu cha Zipora. Akaandika barua Same. Jibu likaja upesi kuliko walivyotazamia: serikali haina nia ya kuharibu kazi za wenyeji. Mti wowote wenye matumizi ya kimila utaachwa, mradi jina lake liingizwe kwenye orodha kabla ya kufyeka. Karani atakuja kuliandika.

Karani alikuja siku ya kuchoma vyungu. Angekuja jana yake au kesho yake, hadithi hii isingekuwapo.

Jina lake Hezroni, kijana nadhifu wa Ugweno, huko Pare ya Kaskazini. Kichasu, lugha ya Lugheni, hakukijua, na wanawake wa Lugheni Kigweno hawakukijua, kwa hiyo wote wakaegemea Kiswahili. Chake kilikuwa cha shule. Chao kilikuwa cha gulioni. Alipotokeza kwenye njia na daftari lake mkononi, wanawake watano walinyanyua mikono kwa pamoja.

"Simama hapohapo, baba! Usisogee!"

Hezroni akasimama, hatua hamsini kutoka kwenye moto. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwake kwenda kwao, moshi umetanda, na kuni mbichi zilikuwa zinapasuka.

"Shikamooni, mama zangu! Nimetumwa na Bwana Misitu! Ule mti wenu mnauitaje?"

Zipora alijifuta jasho. Alikuwa amelisubiri swali hilo siku tatu. Kando yake alikuwa Dorkasi, mke wa mdogo wake Filemoni, ambaye naye alikuwa chini ya sheria ileile. Wakatazamana. Mzee hakuwapo, alikuwa nyumbani anaota jua, lakini hilo halikupunguza kitu. Jina la mkwe halitajwi awepo asiwepo.

"Mti wa chungu!" Zipora akapaza sauti.

Karani akaweka mkono nyuma ya sikio. "Mti mchungu?"

"Ndiyo! Wa chungu!"

Hezroni akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mti mchungu aliujua. Bibi yake Ugweno alikuwa akiwachemshia majani yake walipoumwa tumbo, na akizibana pua za wale waliokataa. Uko kila mahali, kando ya njia, kwenye mashamba yaliyolala, hata nyuma ya kanisa. Alijiuliza kidogo wafinyanzi wanaufanyia nini, lakini karani hakutumwa kujiuliza. Akaandika.

"Upo juu ya ndiva, sivyo?"

"Upo hukohuko!"

"Nimeuona nikipita! Basi, umeandikwa!"

Akaaga, akashuka. Zipora akageukia moto, akacheka peke yake kwa furaha, na siku hiyo hakuna chungu hata kimoja kilichopasuka. Ukimuuliza kwa nini hakumwita mtoto wa jirani alitaje lile jina kwa kinywa chake kisicho na mkwe, atakuambia hakuona sababu. Aliulizwa, akajibu, akaambiwa umeandikwa. Mtu hutafuta mkalimani pale anapojua kwamba hakueleweka.

Siku chache baadaye alikutana njiani na Jumbe.

"Mti wako umekubaliwa, mama. Bwana Misitu ametia sahihi. Hata chokaa ameleta, tuupake mashinani ili usikatwe kwa makosa."

"Mungu akubariki, Jumbe," akasema Zipora, na hakusema kwa desturi tu.

Ndiyo maana msaragambo ulipotangazwa kuwa Alhamisi, Zipora hakuona vibaya kushuka gulio la Kisiwani siku ya Jumatano na vyungu saba, alale kwa shangazi yake, arudi kesho yake. Nyumba ya Mrindi ilikuwa imetoa mtu wake: mzee mwenyewe, na pembe yake.

Alianza kupanda mapema, na mzigo wa mahindi kichwani. Kufika kwenye kona ya mwisho, mahali ambapo mtu huona ndiva na mlima wote kwa juu, akainua macho. Teremko lilikuwa limegeuka rangi.

Nusu ya chini ilikuwa udongo mtupu, na nusu ya juu watu wametawanyika, mapanga yanapanda na kushuka. Katikati ya udongo ule mtupu palisimama vichaka vingi vimepakwa chokaa shinani, vyeupe safi, vimepangana kwa heshima. Zipora akafurahi kwa muda wa kupumua mara moja. Kisha akavitazama vizuri. Ilikuwa miti michungu. Magugu yale yale ya nyuma ya kanisa.

Mzigo wa mahindi ulianguka wenyewe, kikapu kikabingirika na mahindi yakamwagika njiani. Hakuyatazama. Akapanda mbio.

Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Nathanaeli, jirani yake, mtu wa bidii sana kwa bahati mbaya. Mbele yake palikuwa na rundo la matawi yenye ganda jekundu.

"Nathanaeli! Mnakata mti wa chungu!"

"Mti mchungu?" Nathanaeli akaonyesha kwa panga, anatabasamu. "La, mama Zipora. Tazama mwenyewe. Haujaguswa hata mmoja. Tumeupaka na chokaa."

"Si mchungu! Mti wa chungu!"

"Ndiyo, mama. Huo hapo."

"Huu! Huu uliokatwa!"

"Huu?" Akaupiga teke kidogo, bila ubaya. "Huu ni mrindi tu. Haukuandikwa. Amri ni kufyeka kila ambao haukuandikwa."

Akainua panga tena. Zipora akaushika mkono wake kwa mikono miwili, na Nathanaeli, kwa kuwa alimheshimu, akaacha. Lakini Nathanaeli alikuwa mmoja. Wanaume wengine thelathini walikuwa juu yao mpaka kwenye miamba, wanaimba, wanashindana mistari, na kila panga lililoshuka liliondoa kitu ambacho yeye alikuwa ameutembea mlima wote asikione. Akamkimbilia wa pili, akamshika. Nyuma yake Nathanaeli akawa amekwishaanza tena, maana hakujua aache kwa sababu gani. Akamkimbilia wa tatu. Wakaanza kumtazama kwa huruma, kama mtu aliyepata habari mbaya huko gulioni.

Hapo ndipo alipotazama chini. Karibu na ndiva, juu ya jiwe lake, Mzee Mrindi alikuwa ameketi na pembe magotini, uso ameuelekeza kwenye teremko asiloliona. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kuwasimamisha watu wote kwa mara moja.

"Baba!" akapiga kelele Zipora. "Baba! Piga pembe!"

Teremko zima lilikuwa la akina baba. Binti za watu walikuwa wanapanda na uji, wanaita baba huku na huku tangu asubuhi. Mzee hakugeuka.

"Baba! Baba mwenye pembe!"

Upepo ukayachukua maneno. Huko juu karibu na miamba wimbo ulipanda, na mapanga pamoja nao.

Zipora baadaye alisema kwamba alihisi neno lile kinywani kabla hajaamua kulisema. Lilikuwa limekaa humo miaka thelathini. Alijua vizuri kinachomngoja: mkwe aliyemtaja baba mkwe wake mbele za watu hampikii tena, hamwandalii maji ya kunawa, wala hapiti mbele yake, mpaka mzee mwenyewe akitaka. Na mzee anaweza asitake. Aliogopa, na hakuficha kwamba aliogopa. Akavuta pumzi.

"Mrindi!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Wimbo ukakatika.

"Mrindi! Wanakata mrindi!"

Waliokuwa karibu walisikia jina la kichaka. Kisha wakakumbuka aliyelitaja ni mke wa nani, nao wakabaki wamesimama, mmoja ameziba mdomo kwa kiganja. Dorkasi, aliyekuwa anapanda na kibuyu cha uji, aliketi chini palepale alipofika.

Mzee akageuza kichwa. Alikuwa akiijua sauti ile. Kila siku ilimwambia "karibu chakula, baba," na "maji haya hapa, baba." Hakuwahi kusikia jina lake likitoka ndani yake. Alikaa kidogo, kama anayehesabu. Kisha akasimama, akaishika pembe kwa mikono yote miwili, akaipiga mara mbili.

Mapanga yote yakashuka. Ilikuwa saa nne tu ya asubuhi, na kazi ilikuwa haijakwisha, lakini pembe ilikuwa imelia mara mbili, na hakuna aliyetaka kurukwa zamu ya maji kiangazi kile.

Jumbe Anaeli alikuja anahema, karatasi mkononi. "Nani ameamuru kazi isimame? Vuli iko mlangoni! Nitamwambia nini Bwana Misitu?"

"Mimi nimeitwa," akasema Mzee Mrindi. "Nikaitika."

"Umeitiwa nini?"

"Muulize aliyeniita."

Zipora alikuwa amesimama mbali, ameinamisha kichwa, shuka ameivuta mpaka kwenye paji. "Jumbe, mmekata mti wetu."

"Mti wenu huu hapa, mama!" Jumbe akaikunjua karatasi. "Umeandikwa. Mti mchungu."

"Mimi sikusema mchungu. Nilisema wa chungu."

"Ndiyo. Mchungu."

"Chungu, Jumbe!" Machozi yakamtoka, na hasira pia. "Chungu! Cha kupikia! Ambacho mke wako anapikia maharage kila siku!"

Jumbe akaitazama karatasi. Akavitazama vile vichaka vilivyopakwa chokaa, kazi ya siku mbili. Polepole akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, wala hakuitoa tena siku ile. Kuna watu wawili watatu waliocheka, na sitawataja, kwa kuwa waliona haya baada ya muda mfupi.

Mchana ule wakahesabu. Miti iliyokatwa ilipita mia. Chini ya jabali, ambako mapanga hayakuwa yamefika, ilibaki sita.

Zipora hakupika chakula cha mzee siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu. Dorkasi alikipeleka. Zipora alikaa upande wa pili wa nyumba, akisikia mzee anavyonawa, anavyokohoa, anavyouliza hali ya mbuzi. Habari za Zipora hakuziulizia. Hilo lilimuuma kuliko ile miti mia, na alipojigundua hivyo akajionea haya.

Siku ya nne Dorkasi akaja. "Baba anasema aliyemwita aende. Anasema mtu akiitwa hutaka kujua ameitiwa nini, na yeye mpaka leo hajaambiwa kwa ukamilifu."

Zipora akaenda, akapiga magoti mbali kidogo.

"Imebaki mingapi?" mzee akauliza.

"Sita, baba."

"Na visiki?"

"Sijui, baba. Labda vitachipua mvua ikija. Labda havitachipua."

"Mama yangu aliniambia wakati wake miti hii ilishuka mpaka ndiva," mzee akasema. "Akanizaa huko, akanipa jina. Sasa iko sita." Akatafuta kwa mkono bakuli lake tupu, akalisogeza upande wa Zipora. "Uji wa Dorkasi una mabonge."

Ilikuwa ndiyo ruhusa, na zaidi ya hapo hakuna kilichosemwa. Zipora akalichukua bakuli.

Wiki iliyofuata Hezroni alipanda tena, safari hii uso wake si wa kuringa. Bwana Misitu alikuwa amekasirika, kisha akataka aone tawi la mti uliosababisha maneno yote hayo. Karani akalikata tawi dogo mwenyewe, akalilaza kati ya magazeti. Akafungua daftari uani, mbele ya mzee na mkwe wake. Zamu hii hakukuwa na moto wala moshi.

"Mama, tafadhali. Jina lake hasa."

Zipora akatazama chini. "Muulize mwenyewe."

Hezroni akamgeukia mzee. "Shikamoo, babu. Jina tafadhali?"

"Marahaba. Mrindi."

Karani akaliandika pale panapoandikwa jina la mtoa habari. "Asante. Na la mti?"

"Mrindi."

"La mti, babu," Hezroni akarudia kwa sauti kubwa, akidhani mzee hasikii.

"Nimekusikia. Mrindi. Mimi na huo tuna jina moja, ndiyo maana huyu mama hakukuambia. Kosa halikuwa lake, wala halikuwa lako sana. Andika."

Hezroni akamtazama Zipora, akaitazama miguu yake mwenyewe, akaandika. Lile tawi lilikwenda Same, kisha kwa wataalamu wa mimea huko Usambara. Baada ya miezi mitano jibu likaja kwamba katika makabati yao yote hawana unaofanana nao, na je, uko mwingi? Zipora alimwambia Jumbe ajibu: sita, na visiki tisa vilivyochipua.

Miwati ilipandwa, lakini upande wa pili wa bonde. Hata hivyo mbegu zake hazisomi amri. Kila mwaka machipukizi ya miwati yanajipenyeza mpaka karibu na jabali, yanakua upesi, yanakula mwanga. Chini ya jabali serikali ilisimamisha kibao cha mbao chenye herufi nyeusi: MRINDI. NI MARUFUKU KUKATA.

Mzee alifariki mwaka uliofuata, baada ya masika, maua meupe yakiwa yametoka. Pembe alipewa mtu mwingine.

Zipora huenda kule mara moja kwa mwezi. Hung'oa miwati michanga kwa mikono, mmoja mmoja, mpaka mgongo ukatae. Hukagua visiki. Akihitaji maganda, humenya upande mmoja tu wa shina, na vyungu anavyochoma siku hizi ni vichache, vinne au vitano kwa msimu. Lakini kabla ya hayo yote, akifika mbele ya kile kibao, hushusha kikapu na kupiga goti kidogo, kama mkwe apitaye mbele ya baba mkwe.

Wajukuu wanaomsindikiza humuuliza pameandikwa nini. Kusoma anajua, alifundishwa misheni. Huwaambia wasome wenyewe, kwa sauti, asikie. Yeye amekwisha kulitaja mara moja, na aliitikiwa.